Bao la Mgeni Rasmi

Ilikuwepo nchi moja, na kwa kuwa bado ipo na mimi bado naishi humo, jina lake nitalihifadhi. Itoshe kusema ni nchi ya amani. Redio inatuambia hivyo kila asubuhi, kabla ya taarifa za ajali na tangazo la sabuni, na mimi ni mtu ninayeamini redio.

Katika nchi hiyo hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi. Wanakijiji wanachimba kisima kwa mikono yao, maji yanapatikana, halafu kisima kinazungushiwa utepe mwekundu mpaka mgeni rasmi aje kuukata. Akichelewa, wanakijiji wanaendelea kuchota dimbwini huku wakikitazama kisima chao kwa fahari. Hata mazishi yanangoja. Jirani yetu marehemu Mzee Chande alikaa chumba cha maiti mpaka ndugu waliotoka mbali wakarudi makwao, kwa sababu mkuu wa wilaya aliyetakiwa kuweka shada alikuwa anasubiriwa kufungua semina ya matumizi bora ya muda, na huko nako alikuwa hajafika.

Sheria ya kumpokea mgeni rasmi anaijua hata mtoto wa chekechea. Akiingia mahali, unasimama. Unageukia alipo. Unaweka mkono wa kulia kifuani, unatulia hivyo mpaka yeye aketi. Usiposimama, unafungwa. Ukisimama halafu ukatazama kwingine, unafungwa zaidi, maana hapo huwezi kusingizia miguu. Umefanya makusudi.

Nayaeleza haya mapema ili mgeni asije akadhani kilichotokea uwanjani kwetu ni uzembe. Yalikuwa malezi bora.

*

Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makao Makuu, mwaka wa saba wa shahada ya miaka mitatu. Sikufeli somo lolote. Ni chuo tu kilikuwa kinafungwa na kufunguliwa, mara mgomo wa wahadhiri, mara mabweni yaazimwe kwa ajili ya wajumbe wa mkutano wa kujadili maendeleo ya elimu. Timu yetu inaitwa Manyigu. Msimu huu Manyigu walikuwa wanahitaji sare tu, sare moja ya nyumbani, ili wachukue Kombe la Vyuo, kombe ambalo wengi wetu tumeliona kwenye kalenda peke yake.

Wapinzani walikuwa Chuo cha Mifugo cha Bondeni. Walikuja wamesimama nyuma ya lori la kubebea ndama, wakashuka wakijipangusa majani kwenye bukta. Tukawacheka mpaka machozi. Huko Bondeni barabara haifiki, kwa hiyo hata wageni rasmi hawafiki. Watu wa huko wanachimba kisima asubuhi na jioni wanakunywa maji, ndiyo maana tunawaita washamba.

Mgeni rasmi wa mchezo alikuwa Mheshimiwa Dakta Sospita Magembe, Waziri wa Michezo, Mapokezi na Makofi. Muda wa kuanza ulipofika kiti chake chenye zulia kilikuwa kitupu. Sisi hatukushangaa. Tulikuwa tumejiandaa kungoja, watu walikuja na vyakula vyao na wengine na mito. Lakini refa alitoka nchi jirani, mtu mmoja mwembamba asiyejua mila za watu. Akaangalia saa, akaangalia kiti, akaangalia tena saa, akapuliza filimbi. Mpira ukaanza bila hotuba. Mama mmoja karibu yangu alifunga macho akaomba dua.

Hata hivyo, ulikuwa mpira. Tulitangulia kwa kona, beki wetu akaruka akaupiga kichwa ukaingia, na uwanja mzima ukaimba. Wakasawazisha kwa penalti ya halali, ingawa siku hiyo hakuna aliyekubali kuwa ni halali. Baada ya hapo wale vijana wa ndama walitushambulia bila huruma, na kama si kipa wetu tungelala mapema. Kipa wetu aliitwa Lusekelo. Mrefu, mkimya, anasomea ualimu wa hisabati, na alikuwa amebakiza mitihani ya mwisho tu arudi kwao akafundishe kwenye shule ya kata ambako hisabati inafundishwa na mlinzi. Siku hiyo alidaka mpaka mipira ambayo ukiiacha hakuna wa kukulaumu. Dada anayeongoza ngoma za mashabiki wetu, aitwaye Sikudhani Mbaruku, mwanafunzi wa sheria mwenye sauti ya kusimamisha gari, alikuwa ameutunga papo hapo wimbo wake: Lusekelo mlango wa chuma, Lusekelo mlango wa chuma.

Matokeo yakabaki moja kwa moja. Refa akaonyesha dakika za nyongeza. Sare ilikuwa mkononi, kombe liko pale mezani limefunikwa kitambaa, watu tumeshikana mabega.

Vikasikika ving'ora.

Msafara wa Mheshimiwa uliingia kwa lango la magharibi, pikipiki mbele, magari meusi nyuma, ukazunguka taratibu kwenye njia ya kukimbilia. Bendi ikapiga. Tukasimama uwanja mzima, tukageukia jukwaa kuu, mikono kifuani. Wachezaji wetu nao, watoto waliolelewa vizuri, walisimama pale walipokuwa wakageukia jukwaa kuu, mikono kifuani. Benchi la ufundi, mikono kifuani. Waokota mipira, mikono kifuani. Mheshimiwa alishuka. Akapungia mkono upande huu. Akapungia upande ule. Akarekebisha kofia, akamsalimia mkuu wa chuo, akamuulizia hali ya wajukuu, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akaketi.

Nasi tukaketi, tukageukia uwanja. Wachezaji wa Bondeni walikuwa wamelaliana kwenye kibendera cha kona wakipiga mayowe. Refa alikuwa ananyoosha mkono kuelekea katikati. Mpira ulikuwa ndani ya wavu wetu, na Lusekelo alikuwa bado amesimama mbele yake, mkono kifuani, amekodoa macho.

Filimbi ya mwisho ikalia hapo hapo.

*

Sijawahi kukasirika vile. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Mwanaume mzima mbele yangu alivua kiatu akakipiga chini mpaka kikaachia soli, akavua na cha pili. Kufungwa nyumbani, dakika za nyongeza, na watu walioshuka kwenye lori la ndama! Na kwa nini? Kwa nini? Tulitafuta wa kumuuliza, na aliyekuwa karibu ni Lusekelo.

Tukamzomea. Jukwaa la kaskazini lilianza, la kusini likapokea. Chupa zikaruka. Sikudhani aliacha ngoma, akapanda juu ya ngoma yenyewe, akapiga kelele, "Toka langoni kwetu! Toka! Umelala, umetuuza, toka!" Na sisi wote nyuma yake, "Toka! Toka!" Lusekelo aliokota glavu zake akatembea kuelekea vyumbani, chupa moja ikampata begani, hakuinua hata uso.

Hapo Mheshimiwa akashika kipaza sauti. Hotuba yake iliandikwa mapema na wataalamu, na si kawaida ya serikali yetu kubadilisha mipango kwa sababu ya matukio.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefuatilia mchezo huu tangu mwanzo kwa macho yangu mawili. Nawapongeza Manyigu kwa ushindi huu mnono. Ushindi huu haukuja wenyewe. Umetokana na mazingira wezeshi, na mazingira wezeshi yametokana na utashi, na utashi, ndugu zangu, mnajua ulikotoka."

Uwanja ulinguruma. Ni kweli ulinguruma, sauti ilitoka tumboni, hakuna aliyeipanga. Mheshimiwa akatabasamu akapunga mkono.

Jioni redio ilitoa ufafanuzi. Sauti nzito iliyosikika wakati wa hotuba, ilisema, haikuwa ya wananchi. Ilikuwa ya ng'ombe walioletwa na timu ngeni. Wananchi wanaombwa kuendelea na shughuli zao.

*

Kesho yake tulikusanyika kwenye kijiwe chetu, kibandani kwa Feruzi fundi simu, kuchambua bao. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nchi yetu ina wataalamu wengi wa soka kuliko wa kitu kingine chochote.

"Ulimpita kwenye miguu," alisema Feruzi bila kuinua macho kwenye simu aliyoifumua. "Tobo. Kipa mzima anapigwa tobo."

"Tobo wapi?" alifoka jamaa mmoja wa mwaka wa pili. "Ulikwenda juu, pembe ya kulia. Kipa anayejua kazi anaruka. Yeye hakuruka!"

"Ulibingirika," alisema Sikudhani. "Ulibingirika polepole kama chungwa, pembeni kushoto. Mtoto angeudaka. Bibi yangu angeudaka na kanga yake."

Kila mmoja aliapa kwa jina la mama yake. Walikaribia kupigana. Mimi nilikuwa naunga mkono lile la tobo, kwa sababu ndilo lililokuwa linaumiza zaidi.

Kisha Feruzi akauliza jambo, nadhani lilimtoka tu. "Lakini alikuwa anaangalia wapi?"

"Jukwaa kuu," akajibu yule wa mwaka wa pili.

"Kulikuwa na nini jukwaa kuu?"

Simu iliyokuwa inachajiwa ikalia, hakuna aliyeipokea. Jamaa wa mwaka wa pili aligundua kuwa kamba ya kiatu chake imefunguka, akainama kuifunga, akakaa huko chini muda mrefu.

"Kocha naye," alisema Feruzi hatimaye, "mbona hakufanya mabadiliko?"

"Kweli kabisa!" tukasema wote, kwa sauti kubwa, tukamshambulia kocha mpaka jua likageuka. Tukashambulia nyasi. Tukashambulia mshona jezi, eti rangi ya mikono inamchosha kipa. Kila tulipokaribia lile ambalo haliguswi tulipinda kona na kurudi kwa Lusekelo. Alikuwa wetu, alikuwa jirani, na hakuwa na king'ora.

Jioni hiyo vijana walikwenda bweni lake wakatupa godoro lake dirishani. Likaangukia kwenye mtaro. Aliteremka akalichukua, akalianika kwenye uzio. Kukaa kwake kimya kulituudhi zaidi. Tulitaka aombe radhi. Sikudhani alimfuata pale kwenye uzio akamwambia, "Angalau sema kitu, bwana! Mama yangu alilia jana kwa sababu yako!"

Lusekelo alimtazama. "Mpe pole," alisema, akaendelea kukamua godoro.

*

Serikali ni sikivu. Ilipoona hasira za wananchi hazipoi, iliunda Tume ya Kuchunguza Bao, chini ya Profesa Hezroni Mwaluko, mtu aliyekwisha kuongoza tume ya kuchunguza mafuriko akabaini kuwa ilikuwa mvua. Tume ilipewa hadidu za rejea zinazoeleweka: ichunguze bao lenyewe, pasipo kuchunguza kilichotangulia bao wala kilichosababisha bao.

Vikao vilifanyika Ukumbi Mkuu wa chuo, hadharani. Tulijaa mpaka kwenye madirisha. Tulikuja na hasira zetu zote, tukataka mtu apatikane, na mtu mwenyewe alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, shati limepigwa pasi, mikono magotini. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba atakayebainika kuhusika na bao atafukuzwa chuo bila kufanya mitihani. Tulishangilia tangazo hilo.

"Shahidi wa kwanza," alisema Profesa.

Akasimama Feruzi. Alieleza tobo kwa ufasaha mkubwa, mpaka akaonyesha kwa miguu yake. Profesa alimsikiliza akitikisa kichwa kwa upole.

"Kwa hiyo wewe uliliona bao hili?"

"Kwa macho yangu, Profesa!"

"Vizuri sana. Na Mheshimiwa Waziri alikuwa bado hajaketi?"

Feruzi alitazama miguu yake, bado imeachana kuonyesha tobo. Tuliokuwa nyuma tulianza kupiga hesabu naye. Kama aliliona bao, basi macho yake yalikuwa uwanjani. Kama macho yake yalikuwa uwanjani, hayakuwa kwa Mheshimiwa. Askari wawili waliokuwa mlangoni walisogea hatua moja.

"Sikuliona, Profesa," alisema Feruzi, jasho limemtoka. "Nilihadithiwa."

"Na nani?"

"Na... watu kwa ujumla."

Akaitwa yule wa mwaka wa pili, mwenye bao la pembe ya juu. Naye alikuwa amehadithiwa. Sikudhani akaitwa, akasimama kwa kiburi chake chote, akamtazama Profesa, akawatazama askari. "Sikuona," alisema. "Nilikuwa namheshimu Mheshimiwa." Alikaa chini kwa kishindo, na nikaona anatafuna mdomo wake wa chini.

Profesa akauliza ukumbi mzima. Kuna raia yeyote aliyeliona bao hili? Anyooshe mkono. Tulishika mikono yetu mapajani kana kwamba inaweza kunyooka yenyewe. Tukio lililotunyima usingizi nchi nzima, lililovunja viatu na kutupa godoro, hakukuwa na hata mmoja wetu aliyeliona.

Uso wa Profesa ulichanua. Aliinamiana na wenzake, wakanong'ona, wakapeana mikono, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Tume imejiridhisha," alisema, "kwamba bao linalodaiwa halikuonwa na raia yeyote mwenye akili timamu. Walioliona ni refa, ambaye ni mgeni, na timu ya Bondeni, ambao wana maslahi. Jambo ambalo halikuonwa na taifa, kitaalamu, halikutokea. Matokeo ni sare ya moja kwa moja. Mabingwa ni Manyigu!"

Ukumbi ulipasuka. Jamani, tulirukaruka! Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, akanibusu shingoni. Watu walilia. Juma zima tulikuwa tumefungwa, na sasa ilionekana hatukufungwa kamwe.

"Limebaki jambo dogo," alisema Profesa, akinyoosha mikono tutulie. "Kijana Lusekelo. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Thibitisha tu mbele ya Tume kwamba hakuna mpira uliokupita, uende ukafanye mitihani yako. Utavikwa medali ya dhahabu pamoja na wenzako."

"Sema haukuingia!" ukumbi ukapiga kelele. "Lusekelo, sema haukuingia!" Ni sisi wale wale, kwa sauti zile zile. Sikudhani naye alisimama juu ya benchi, "Sema, kaka! Lusekelo mlango wa chuma!" Wengine wakaanza kupiga makofi kwa mpigo wa ule wimbo.

Lusekelo alisimama. Alikuwa mrefu mno kwa kipaza sauti, akainama.

"Uliingia," alisema.

Makofi yakakatika vipande vipande.

"Labda hujaelewa swali," alisema Profesa kwa upole. "Uligeuka ukautazama?"

"Sikugeuka. Nilisimama kama tulivyofundishwa. Nilimsikia yule mshambuliaji akija, nikasikia mguu wake, nikasikia mpira unagonga wavu nyuma yangu. Nadaka tangu nina miaka minane, Profesa. Sauti ya wavu naijua."

"Sheria inataka utulie mwili mzima. Masikio yako nayo yalitakiwa kuwa jukwaa kuu."

"Basi nifukuzeni kwa masikio." Alitugeukia sisi. "Juma zima mmemtukana mama yangu, mtu hajawahi hata kufika mji huu. Mmenipiga chupa. Leo mnaniambia hakuna bao. Kama hakuna bao, godoro langu lilitupwa kwa ajili ya nini? Nilifungwa! Nilifungwa nimesimama, na nyinyi mmesimama, maelfu yenu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia, Lusekelo, mpira huo! Hata mmoja! Ningegeuka. Wallahi, mngeniita ningegeuka, wangenifunga jela na mpira ningeudaka."

Mimi nilitazama miguu yangu. Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa imepotea njia, haijui iende kwa nani.

Tume ilimfukuza chuo hapo hapo, kwa kosa la kudai kufungwa bila idhini.

*

Sherehe ya kukabidhi kombe ilifanyika uwanjani Jumamosi iliyofuata. Serikali iligawa soda na kofia. Katika ratiba kulikuwa na kipengele kilichoitwa Kumwaga Msaliti, ambapo Lusekelo angetembezwa uwanjani na mizigo yake na kutolewa kwa lango la mashariki, mbele ya mgeni rasmi, ili iwe fundisho kwa vijana. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa yule yule.

Alichelewa. Jua lilituchoma, soda zikapata moto. Lusekelo alikuwa amesimamishwa katikati ya uwanja na askari wawili, begi mkono huu, ndoo ya vyombo mkono ule. Hakuna aliyemzomea. Sikudhani alikuwa safu ya mbele yetu, ngoma iko miguuni kwake, hajaigusa tangu asubuhi. Mshereheshaji alimwomba mara kadhaa apige, watu wachangamke. Alijibu kuwa ngozi imelegea.

"Haijalegea," nilimnong'oneza.

"Najua," alisema. "Unyamaze."

Ving'ora vikalia. Pikipiki zikaingia kwa lango la magharibi, magari nyuma yake, bendi ikapiga. Tukasimama, kama kawaida, mikono kifuani. Askari waliomshika Lusekelo nao wakamwachia, wakageukia jukwaa kuu, wakakakamaa kwa saluti. Hawakuwa na namna, sheria haibagui.

Lusekelo akabaki peke yake na mikono miwili iliyojaa. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaanza kutembea mwenyewe kuelekea lango la mashariki, bila kusindikizwa, mgongo wake kwa Mheshimiwa, ndoo ikigonga gonga kwenye goti lake. Sufuria ndani ya ndoo ilikuwa inalia kila hatua, na kwa kuwa bendi ilikuwa imenyamaza kumpisha Mheshimiwa ashuke, ilisikika uwanja mzima.

Mtu mmoja katika jukwaa letu akageuka kumtazama.

Nilisikia kokoto zikisagika chini ya kiatu chake. Baadaye viatu vingine. Safu yetu, halafu safu ya nyuma, halafu jukwaa la kusini, na yule mama aliyeomba dua siku ile, na Feruzi na kofia yake ya bure. Tuligeuka polepole, maelfu ya watu, mikono bado iko kifuani, migongo kwa Waziri wa Michezo, Mapokezi na Makofi. Si wote. Wenye vyeo walibaki walivyo, na waliokaa jirani na askari, na siwalaumu. Hasira iliyokuwa imepotea njia juma zima nikaisikia inafika nyumbani.

Nyuma yetu Mheshimiwa alikuwa amesimama. Hakuweza kuketi kabla hatujamgeukia, kwa kuwa itifaki haina maelezo kuhusu migongo. Akangoja. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu mgeni rasmi aliwangoja wananchi, nasi hatukuwa na haraka. Tulimsindikiza Lusekelo kwa macho mpaka langoni. Alipofika aliweka ndoo chini ili afungue komeo, akatuona. Alisimama kidogo. Kisha akaokota ndoo yake, akatoka, akaenda zake, na mpaka leo shule ile ya kata hisabati inafundishwa na mlinzi.

Jioni redio ilitangaza kwamba mapokezi yalifana na kwamba umati mzima ulimpokea Mheshimiwa ukiwa umesimama. Ni kweli, tulikuwa tumesimama.

Nani aliyeanza kugeuka sitasema. Bado wanamtafuta.